Kisanduku Ulichokileta Siku ya Mavuno

Elerai, Arusha
Jumatano, baada ya chakula cha jioni

Aika mwanangu,

Begi lako liko sebuleni, limefungwa, na mama yako ameshalifungua tena mara kadhaa ili aongeze kitu. Mambo ya chandarua, ya kutomkabidhi mtu usiyemjua mzigo wako stendi, ya kumsubiri shangazi yako palepale mtakapokubaliana, ameshakueleza yeye, na ameyaeleza vizuri kuliko ambavyo ningeyaeleza mimi. Sitayarudia.

Nimeketi kwenye meza yako, ile ya kona ya sebuleni yenye alama za kuungua. Naandika kwa sababu tangu Jumapili najaribu kukuambia jambo kwa mdomo na nashindwa. Juzi nilikuita ukiwa unafua. Ukaitika, "Abee, baba," ukaja mikono imejaa mapovu, ukasimama mbele yangu. Nikakuuliza kama kuna sabuni ya kutosha. Ukasema ipo. Nikasema vizuri. Ukarudi kufua. Hiyo ndiyo hotuba niliyokuwa nimeiandaa usiku kucha.

Unakumbuka Jumapili mchungaji alivyofika kwenye matangazo. Alisema binti yetu Aika anakwenda Dar es Salaam kusomea elektroniki na kompyuta, na kwamba usharika wote unajivunia. Kisha akasema, "Baba wa fundi, hebu simama tukuone." Nikasimama. Watu wakapiga makofi. Ningeweza kuinamisha kichwa tu nikaketi, hakuna aliyeniomba niseme neno. Lakini unanijua nikiona watu wamegeuka kunitazama. Nikasema, "Tunamshukuru Mungu. Sisi kama wazazi tulimtia moyo tangu akiwa mdogo."

Wewe ulikuwa kwenye kwaya, mstari wa pili. Ulishusha macho kwenye karatasi ya wimbo, na wimbo ulikuwa bado haujafika.

Tuliporudi nyumbani mama yako alikuwa anamenya ndizi za mtori, nami nimekaa pale mlangoni pa jikoni nasubiri chai. Hakuniangalia. Akasema, "Baba Aika, nikuulize kitu."

"Uliza."

"Ulimtia moyo lini?"

"Mama Aika, yale si maneno tu ya kanisani?"

"Sijauliza ni maneno ya wapi. Nimeuliza lini. Si wewe unaandika kila siku yako?"

Nikacheka kidogo. Yeye hakucheka. Akaendelea kumenya.

Basi nikaenda kutafuta. Unajua zile shajara zangu, huwa naandika kila jioni kabla ya kulala, na mnanitania kwamba hata mbwa wa jirani akibweka naandika. Nilizitoa zote kabatini nikaanza kuzipitia, nikitafuta siku moja tu. Nilikuta mvua zilizochelewa. Nikakuta umeme ulipokatika na uliporudi, wageni waliofika na walichokula, malaria yako ukiwa darasa la nne na jinsi nilivyokubeba mgongoni mpaka zahanati. Hiyo siku ya zahanati niliisoma mara mbili kwa sababu ilinifariji, lakini kumbeba mtoto mgonjwa ni kazi ya kila mzazi, si jibu la swali la mama yako. Nikaendelea. Nikafika kwenye Jumapili ya sikukuu ya mavuno, ukiwa kidato cha pili. Nilikuwa nimeandika hivi: "Ibada nzuri. Mnada umekwenda vizuri, watu wamechangamka." Basi. Niliisoma nikiwa nimesimama, kisha nikaketi.

Nataka nikueleze siku ile kwa upande wangu, kwa sababu wewe unaijua kutoka mahali uliposimama wewe tu.

Lakini nianze nyuma kidogo. Ulianza na vile vitaa vidogo vyekundu vinavyowaka mbele ya redio. Fundi redio aliye jirani na duka letu la kuchapa pale Kaloleni alikuwa anakuruhusu kuchambua mizoga ya redio zake. Kitaa cha kwanza ulikiunganisha moja kwa moja na betri ya pikipiki yangu, kikawaka mara moja kama jicho la paka, kikafa. Ulikuja nacho mkononi. "Baba, unajua kwa nini kimeungua?" Nami nikakujibu bila kuinua macho kwenye gazeti, "Kwa sababu umekichezea."

Wiki iliyofuata ulirudi na kingine, safari hii kina resista mbele yake, kile kijiti chenye mistari ya rangi, na kikawaka kikaendelea kuwaka. Ukanieleza kwamba kitaa kile kikiachiwa umeme wote kitakunywa mpaka kipasuke, kwa hiyo unakiwekea kitu cha kukipimia. Ulinieleza vizuri sana. Nilikwambia ukamsaidie mama yako kuchota maji.

Kisha likaja jambo la vifaranga. Unakumbuka mwaka ule kila nyumba Elerai ilikuwa na mradi wa kuku, na mama yako naye akaanzisha wake. Kila jioni mtu alipaswa kwenda bandani kuwasha taa kabla giza halijaingia, maana vifaranga wakishtukizwa na giza wanarundikana pembeni na kukanyagana mpaka wengine wanakufa. Sote tulikuwa tunasahau. Wewe ukasema utatengeneza taa itakayojiwasha yenyewe. Mjomba wako anayeendesha magari ya watalii alikuwa amekupa kamera mbovu, ukatoa ndani yake kidude kidogo cha duara ukakiita jicho. Ulisema jicho hilo likiona mwanga linapitisha umeme, na giza likiingia linauzuia, na transista iliyokaa pembeni yake inasikiliza na kuamua kama taa iwake au isiwake.

Mara ya kwanza ilifanya kinyume. Ikawaka mchana kutwa, na jua lilipozama ikazima. Nilikusikia unacheka peke yako kule bandani. Nilitoka nje nikijua nitakuta umekasirika, nikakuta umechuchumaa na daftari gotini unaandika ulichobadilisha. Ulikuwa unabadilisha kitu kimoja, unajaribu, unaandika, ndipo unagusa kingine. Ukahamisha jicho likakaa mahali pa resista, na resista pahala pa jicho. Jioni ile taa ikajiwasha. Mama yako alipiga kigelegele. Mimi nilisema, "Angalieni isije ikachoma banda."

Aika, ile njia yako ya kufanya kazi ni njia yangu. Kubadili kitu kimoja, kuandika, kusubiri. Hakuna mtu mwingine katika nyumba hii aliye hivyo. Nilikuwa nakuangalia mtoto wangu mwenye tabia yangu mwenyewe, na sikuitambua, kwa sababu ilikuwa imeshika mzoga wa redio badala ya kalamu.

Sasa nifike siku ile. Kwetu, kilichovunwa kwanza ndicho kinachopelekwa kanisani. Watu walikuja na mikungu ya ndizi mshare, magunia ya maharage, kuku, mayai, maziwa ya mgando kwenye vibuyu. Wewe ulitengeneza kisanduku cha pili, sawasawa na kile cha bandani, ukamwambia mama yako kwamba hayo ndiyo malimbuko yako kwa sababu shamba huna. Ulikibeba umekifunga kwenye kanga yake. Nilikuona ukikiweka mbele ya madhabahu katikati ya maboga mawili. Nilijua ni nini. Hilo naomba ulijue kwanza. Nilijua ni nini na kinafanya nini.

Baada ya ibada tukatoka nje, jua la utosi, Meru imejifunua yote mpaka kileleni, na mnada ukaanza. Wakati ule mimi ndiye niliyekuwa nanadi, kwa sababu walisema nina mdomo. Na siku ile mdomo ulikuwa mtamu.

"Jogoo huyu," nilisema, "asubuhi anawika Kichaga, jioni anawika Kimeru. Nani anamchukua mkalimani?"

Watu walicheka mpaka mchungaji akafuta macho. Mama Upendo akamnunua jogoo, kisha akamrudisha anadiwe tena, kama afanyavyo mtu anayetaka sadaka iongezeke. Nikamnadi tena. Nilikuwa juu kabisa. Kisha nikanyoosha mkono mezani, na kilichofuata kilikuwa kisanduku chako.

Kilikuwa kimetengenezwa kwa mbao za sanduku la sabuni, na maandishi ya sabuni yalikuwa bado yanaonekana ubavuni. Kifuniko ulikifunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Nikauliza ni cha nani, kana kwamba sijui.

"Cha kwangu, baba," ulisema. "Ni taa. Inawaka yenyewe giza likiingia."

Baba Rogate alikuwa mbele, yule wa vipuri. "Mangi," akaniita kama wengi wanavyoniita, "mbona haiwaki?"

"Kwa sababu ni mchana," ulimjibu wewe.

"Taa gani hiyo inayoogopa jua?"

Mwingine nyuma akadakia, "Labda inauzwa pamoja na usiku wake!"

Kicheko kikapanda. Ukasogea mpaka karibu na meza, ukaniambia kwa sauti ya chini, ukiinua uso wako kwangu, "Baba, kuna kitundu hapo juu. Kifunike kwa kiganja."

Mimi nikakiinua kisanduku juu zaidi, kwenye jua, ili kila mtu akione. Nikasema, "Ndugu zangu, wengine wamemletea Bwana mahindi, mwanangu amemletea sanduku la sabuni. Bwana ni mwingi wa huruma, atapokea." Wakacheka kuliko walivyomchekea jogoo. Nikakiweka chini ya meza, nikachukua trei ya mayai.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani kwa miguu, mama yako ametangulia na wenzake, uliniuliza swali moja. "Baba, ulinisikia niliposema ufunike?"

Nikakujibu, "Kulikuwa na kelele."

Nilikusikia, Aika. Nilisikia kila neno. Hukuniuliza tena, na nadhani kwa miaka hii yote umejaribu kuamini kwamba kweli kulikuwa na kelele.

Nimejiuliza kwa nini sikufunika. Ingenigharimu nini? Kiganja changu kilikuwa hapohapo. Kwanza nilijiambia niliogopa kisiwake, wewe ukaaibika. Hilo ni jibu zuri, ila si la kweli. Nilikuwa nimekiona kile cha bandani kikiwaka kila jioni.

Jibu la kweli ni zile mbao na ule mpira wa tyubu.

Wewe hukuishi miaka ya uhaba. Mimi nilianza kazi wakati duka zima la kijiji lilikuwa na chumvi na viberiti tu. Bibi yako alikuwa anaanika betri za redio juani ili zipate nguvu za kusikilizia taarifa ya habari. Viatu vyangu vya kidato cha nne vilikuwa na soli ya tairi, na wenzangu walijua nakuja kabla hawajaniona. Kisha mambo yakafunguliwa. Shirika letu likauzwa, tukapunguzwa, nikabaki na kiinua mgongo, nikanunua kompyuta iliyokwisha kutumika huko ilikotoka nikafungua duka la kuchapa. Maduka yakajaa. Redio mpya zikawa zinaingia kutoka Dubai, rahisi kuliko kumlipa fundi. Nikakwambia siku moja, ukiwa umekaa katikati ya waya zako, "Siku hizi vitu vinanunuliwa, havitengenezwi." Nililisema kama mtu mwenye hekima ya zama mpya.

Siku ile ya mnada nilikuwa nimevaa shati jipya. Watu wote walikuwa wamevaa vizuri. Na mwanangu akaweka mikononi mwangu mbao za sabuni zilizofungwa kwa mpira, mbele ya usharika mzima, na nikahisi soli ya tairi inagonga sakafu tena. Niliona umaskini wetu umewekwa mezani unanadiwa. Nikaona heri niwe wa kwanza kuucheka kabla wengine hawajanicheka mimi. Kumbe wewe hukuleta umaskini. Ulileta kitu ambacho duka lolote la Kaloleni lisingeweza kuniuzia wakati ule, na ulikuwa umekitengeneza mwenyewe kwa akili yako.

Kilichofika madhabahuni hakirudi kwa aliyekitoa, hiyo ndiyo desturi, kwa hiyo kisanduku kilikwenda stoo ya kanisa. Mwaka uliofuata tulisafisha stoo ili paa litengenezwe. Mimi ndiye niliyesimamia. Nilikikuta nyuma ya viti vilivyovunjika. Nilikishika. Kulikuwa na giza mle ndani, na betri yake ilikwisha zamani, kwa hiyo hakikuwaka. Ningeweza kukichukua, hakuna ambaye angeniuliza. Nikakipeleka nje kikatupwe pamoja na viti. Hilo hukulijua mpaka sasa.

Baada ya mnada ule hukunionyesha tena kitu chochote. Nilidhani umeacha. Nilimwambia mama yako kwa furaha, "Umeona, ameshakua." Kumbe mama yako alikuwa anaujua mkoba wako ulivyo mzito kwa waya na betri.

Halafu ikaja ile likizo uliyokuwa unanisaidia dukani kuchapa. Nilikuwa nimetoka kidogo kwenda benki. Niliporudi nikakuta wateja wamesimama mgongo kwangu, mzee mmoja aliyetaka barua ya maombi na wasichana wawili waliokuwa wanasubiri kadi za harusi. Kile kitambaa alichokifuma mama yako cha kufunikia kompyuta kilikuwa kimekunjwa vizuri pembeni. Nyuma ya mashine, pale unapoingia waya wa printa, ulikuwa umechomeka waya zako, na mbele juu ya kipande cha katoni vitaa vyekundu vimepangwa mstari. Mwanga ulikuwa unatembea, kutoka kitaa cha kwanza mpaka cha mwisho, kisha unarudi.

"Binti," yule mzee alisema, "unaweza kuusimamisha katikati?"

Ukachapa maneno mawili matatu. Mwanga ukaja mpaka katikati, ukasimama, ukangoja, kisha ukaendelea.

"Eee!" mzee akasema. "Imekusikia!"

Hapo ndipo nilipoingia, nikapita katikati yao, nikashika waya nikazing'oa kwa mkupuo. Katoni ikaanguka.

"Hii mashine ndiyo inayowalisha! Unataka kuiunguza?"

"Baba, kila kitaa kina resista yake. Haiwezi kudhurika."

"Sijakuuliza."

"Mangi, mwache basi," mzee akasema. "Mtoto anajifunza."

"Shule ipo kwa ajili hiyo, mzee wangu. Hapa ni kazini."

Uliinama ukaokota vitaa kimojakimoja. Ukakuta kimoja kimevunjika miguu. Ukaketi ukamalizia kuchapa barua ya yule mzee, bila kosa hata moja, na ukampa kwa mikono miwili. Kuanzia siku ile nikawa nafunga mashine kwa ule ufunguo wake mdogo na kuufunga kwenye mkanda wangu. Mashine haikuwa imepata hata mkwaruzo. Nilijua hivyo jioni ileile, kwa sababu niliiwasha na kuijaribu yote, herufi kwa herufi, kwa utaratibu wangu. Nilikuja nyumbani nikala, nikalala, sikukwambia kwamba ulikuwa sahihi.

Nimeishi kwa kuamini kwamba kukitunza kitu ni kuhakikisha hakiguswi. Nilitunza kazi yangu hivyo, nikatunza kompyuta hivyo, na nikataka kukutunza wewe hivyo. Kazi iliondoka vilevile. Kompyuta ile sasa ni ya zamani, hata watoto wa jirani wanaicheka. Kilichobaki ni wewe, na wewe umebaki kwa sababu hukunitii.

Mengine yote ulifanya bila mimi. Mwalimu wako wa fizikia alikufungulia maabara Jumamosi. Ulitafuta chuo mwenyewe, ukaleta fomu nikasaini, na nikuambie ukweli ambao mama yako atacheka akiusikia: nilisaini nikidhani kompyuta maana yake ni ofisi, kiyoyozi na viatu vya kung'aa. Kumbe huko nako mtashika waya. Mungu ana utani wake.

Sina busara kubwa ya kukupa juu ya masomo hayo. Nilicho nacho ni hiki kimoja, na nimekipata kwa njia mbaya. Huko utakutana na watu wenye sauti kubwa na wenye vitu vipya, na siku moja utashika kazi yako mkononi na kuiona kama mbao za sabuni. Siku hiyo usiicheke kabla hujaijaribu. Wengine wakiicheka, waache wacheke, kicheko chao kinakwisha njiani kuelekea nyumbani. Kicheko cha mtu anayeicheka kazi yake mwenyewe hakiishi. Na ukija kuwa mkubwa mahali, na mdogo wako akakwambia kwa sauti ya chini kuna kitu hukukijaribu, kijaribu mbele za watu hata kama utaonekana mjinga. Mimi niliukwepa ujinga wa dakika moja, nikajipatia wa miaka.

Sasa kuna jambo la kesho, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Alfajiri jumuiya watakuja hapa nyumbani kukuombea kabla hatujakwenda stendi. Wengi wao walikuwepo siku ile. Baba Rogate atakuja, Mama Upendo atakuja. Kama ilivyo kawaida, baada ya wimbo watasema baba wa mtoto atoe neno la kumuaga. Mzee wa jumuiya alishaniambia niwe na maneno tayari, akatania kwamba kwangu maneno hayajawahi kupungua.

Nikitoa neno lilelile la Jumapili, utaondoka hapa na uwongo wangu begini, na siwezi kukufanyia hivyo. Nilichotaka ni kusimama mbele yao niseme: sikumtia moyo. Nilimcheka mnadani nikawachekesha na ninyi, alinionyesha la kufanya nikajifanya sikusikia, akaendelea peke yake. Nimeyapanga maneno hayo siku mbili hizi, na ni mafupi.

Lakini jioni hii nikiwa nimeketi hapa nimeogopa kitu kingine. Mara ya kwanza nilichukua kitu chako nikakiinua mbele ya watu bila kukuuliza. Nikisimama kesho na kuililia habari ile, ni kitu chako kilekile, na anayekiinua ni yuleyule. Watu watanipigia makofi tena, watasema baba mnyenyekevu huyu, na wewe utakuwa umesimama pembeni na kanga yako ya safari ukitazamwa. Sitaki hata toba yangu iwe mnada.

Kwa hiyo nakuuliza, kama nilivyopaswa kukuuliza wakati ule. Ukitaka niseme, nitasema yote, na sitatia utani hata mmoja. Ukitaka ibaki kati yetu, nitamwomba mama yako atoe neno badala yangu, na watu wakishangaa mwenye mdomo amenyamaza, waache washangae. Ya Jumapili nitayasahihisha kwa mchungaji mwenyewe, faragha, hilo ni deni langu na halikuhusu. Na kama ungependa kusema wewe mwenyewe, nitasimama palepale mbele yako wakati unasema.

Barua hii nitaipitisha chini ya mlango wako sasa hivi, bado naona mwanga kwako. Alfajiri nitakuletea maji ya kuoga, nitagonga, utanisalimia kama kawaida. Huna haja ya kueleza sababu. Niambie tu nifanye nini, hata kwa sauti ya chini. Nitasikia.

Baba yako